Nilivyofanikiwa kupima kazi ya Btk kwenye seli B za panya

Ukiwatazama panya wa xid, panya wa maabara wenye kasoro ya kurithi ya kinga, huwezi kujua kama wana tatizo. Wanakula vizuri na wanachangamka. Kasoro yao iko kwenye kimeng'enya kiitwacho Btk, na ilibainika mwaka 1993: asidi amino ya 28, ambayo ni arginini, imegeuka kuwa sisteini. Sehemu hiyo ndiyo Btk hutumia kushika mafuta ya PIP3 kwenye utando wa seli. Isiposhika, ishara ya kipokezi cha seli B (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili) hufifia njiani, na kalsiamu haipandi ndani ya seli inavyotakiwa.

Kupanda huko kwa kalsiamu ndiko nilikotaka kukuona kwa macho yangu, katika utafiti wa shahada ya uzamili huko Uingereza.

Kuchuja seli za bandama ni kazi ya kawaida, sitaieleza. Ugumu ulikuwa kwenye kichocheo cha kuamsha kipokezi cha seli B. Kingamwili nzima dhidi ya IgM, aina ya kingamwili ambayo juu ya seli B ndiyo kipokezi chenyewe, ina mkia, na mkia huo hunasa kipokezi kingine cha seli B ileile, ambacho huita SHIP, kimeng'enya kinachovunja PIP3. Ni kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja: hata panya wa kawaida ataonekana dhaifu. Kwa hiyo nilitumia kingamwili zilizokatwa mkia.

Halafu kuna suala la rika. Panya wa xid wana takriban nusu tu ya seli B, na nyingi kati ya hizo bado changa. Nilitumia alama za CD93 na CD23, protini za juu ya seli zinazotofautisha changa na zilizokomaa, ili nilinganishe zilizokomaa kwa zilizokomaa.

Kwenye grafu ya kalsiamu, mstari wa panya wa kawaida ulipaa, ukabaki juu. Wa xid uliinuka kidogo, ukashuka mapema. Nilipoongeza ionomaisini, inayoingiza kalsiamu bila kupitia kipokezi, yote miwili ilipanda sawa. Hapo niliamini kwamba rangi ya kuonyesha kalsiamu iliingia sawasawa kwenye seli zote na kwamba tofauti ni ya ishara yenyewe. Nilifurahi mno, maana kasoro kwenye kimeng'enya hikihiki ndiyo huwaacha watoto wa kiume bila kingamwili, ugonjwa ambao daktari Ogden Bruton aliueleza mwaka 1952.

Ukipata panya hawa, osha pia uwazi wa ndani ya tumbo lao kwa maji na utafute humo seli B-1, kundi la seli B lenye alama ya CD5. Utakuta karibu hazipo kabisa, na hizo ndizo hutoa sehemu kubwa ya IgM ya asili, ile inayokuwepo hata kabla ya maambukizi. Anza na tumbo kabla hujagusa bandama, damu isije ikachafua maji.