Nusura nitaje jina la mtu asiye na hatia

Mimi ni fundi wa simu Kondele, Kisumu. Ijumaa moja, saa 11 jioni, polisi wawili waliingia kibandani, wakachukua simu niliyokuwa nikiibadilisha kioo, wakanichukua na mimi. Kwamba ilikuwa ya wizi nilijua pale kaunta ya kituo, ilipokuwa ikiandikwa kwenye OB, daftari la matukio la polisi.

Swali lilikuwa moja, likarudiwa mpaka usiku wa manane: nani alikuletea? Jibu langu la kweli lilikuwa fupi mno. Mteja aliacha simu, akalipa nusu, akaenda zake, jina sikumwuliza. Afande hakuridhika. Alisema nikizidi kumficha mtu ataniongezea shtaka la kutoa habari za uongo kwa mtumishi wa umma. Kisha akalainisha sauti: "Taja jina tu, kijana, ukalale nyumbani."

Yuko kijana wa boda ambaye huniletea simu za abiria wake mara kwa mara. Jina lake lilikuwa tayari ulimini. Nikamwona mama yake, muuza omena jirani yangu, akigongewa mlango usiku ule. Nikalimeza.

"Afande, nimekueleza ninachokijua. Mengine nitayasema wakili akiwepo."

Akafunga daftari, nikarudishwa seli. Sikulala.

Jumamosi asubuhi dada yangu alifika na wakili. Kabla hata ya salamu nilimwuliza kama kweli nimejitia kwenye kosa la pili. Akanieleza taratibu. Kosa lile limo katika kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake ni hadi miaka 3. Lakini ni lazima uwe unajua, au unaamini, kwamba unachosema ni uongo, na ukiseme ukikusudia, au ukijua yaelekea, afisa afanye asilopaswa kufanya, au atumie mamlaka yake kumdhuru au kumsumbua mtu. Kusema sijui nami kweli sijui hakumo humo. Kunyamaza je? Hiyo ni haki yangu kwa kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010, pamoja na kuongea na wakili na kutolazimishwa kukiri.

"Ungemtaja yule kijana," akasema, "hapo ndipo ungeingia."

Mwili ulinisisimka.

Kifungu hicho hicho kinataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila zikiisha siku isiyo ya korti husubiri siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo kwangu ilikuwa Jumatatu. Wakili aliomba bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kufika nitakapotakiwa, nikatoka adhuhuri bila kulipa hata shilingi, maana bondi hiyo hailipiwi. Ingekuwa dhamana ya pesa, alisema, ningedai risiti.

Simu ilirudi kwa mwenyewe na mimi sikushtakiwa. Siku hizi kibandani pana daftari: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu. Ukurasa wa kwanza kaandika yule kijana wa boda, kwa mkono wake mwenyewe. Alileta simu Jumatatu ile ile, na sikuweza kumwambia kitu.