Daftari, puto na uniti 96: nilivyopeleka lalamiko la maji EWURA

Ankara ya Mei ilipoingia kwenye simu nilidhani wamekosea namba. Nyumba yangu ina vyumba sita: viwili naishi mimi, vinne nimepangisha, na ukihesabu watoto tuko watu 13. Miaka yote tunatumia uniti 13 au 14, ikizidi sana 16. Mwezi huo nimeandikiwa uniti 96, fedha yake laki na sitini na ushei. Uniti moja ni lita 1,000. Nikachukua kalamu. Mvua zilikuwa zimeharibu bomba kule kwenye chanzo, na tangu mgao uanze kwetu maji yalitoka siku tatu tu kwa wiki. Kufikisha lita 96,000, kila siku ya maji tungetakiwa kujaza karibu mapipa 40. Nyumba nzima ina mapipa manne na simtanki moja la lita 2,000.

Ushauri niliopewa wiki ile ulinikera, na ndiyo maana naandika. Mmoja aliniambia nimpoze msoma mita. Mwingine akasema niende kwa diwani, mwingine nipige simu redioni. Fundi naye akaapa kuwa kuna mvujo chini ya ardhi, akanichimbia ua mzima kutoka kwenye mita hadi jikoni. Migomba mitatu iling'olewa, na nilimlipa kama elfu arobaini pamoja na chakula. Bomba lilikuwa kavu kama lilivyofukiwa. Dawati la mtoa huduma wetu (mji siutaji, maana mambo yaliisha kwa heri) nilijibiwa kwa mdomo tu: "Mama, mita haidanganyi."

Nikapanda kosta alfajiri hadi stendi ya Nane Nane, nikachukua bajaji hadi ofisi ya kanda ya EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, pale Mbeya. Mimi EWURA nilikuwa naijua kwa bei ya mafuta tu, zile bei kikomo wanazotangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Sikujua kuwa umeme, gesi asilia na maji navyo viko chini yao, kwa sheria ya mwaka 2001, na kwamba kazi yenyewe waliianza 2006. Nilifika na ankara moja mkononi na hasira kifuani. Dada aliyenipokea aliniamkia, akaniketisha, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mama, barua uliyomwandikia mtoa huduma iko wapi?"

Sikuwa nayo. Akanieleza taratibu: lalamiko huanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi. Asipojibu, au akijibu usiridhike, ndipo unakuja kwao. Wao humpelekea mlalamikiwa ajibu, huwakutanisha pande mbili kusuluhisha, na ikishindikana husikiliza shauri na kutoa uamuzi. Asiyeridhika na uamuzi huo anakwenda Baraza la Ushindani. Akaongeza neno ambalo nililibeba njia nzima ya kurudi: "Sisi hatuko upande wako wala upande wao, tunapima kilichopo mezani." Mwanzoni liliniuma, maana nilikwenda kutafuta mtetezi. Lakini kosta ilipoanza kupanda ukungu ukiwa umefunika barabara, nilimwelewa. Mezani nilikuwa sina kitu. (Anayetafuta wa kumsemea mtumiaji, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC. Hilo nililijua baadaye.)

Nilinunua daftari la kurasa 80. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili usiku nikawa nasoma mita na kuandika, tarakimu nyeusi kwanza, ambazo ndizo uniti, kisha nyekundu, ambazo ni lita. Mpangaji wa chumba cha nne, bibi wa Kinyakyusa, alinishikia tochi bila kukosa, na baridi ya Juni mnaijua. Siku ya tano tukaona jambo. Siku zisizo na maji mita inalala ilipo, haisogei, ila siku ya maji inaruka uniti nyingi kabla hata ndoo ya kwanza haijajaa.

Basi siku ya maji iliyofuata nikaamka saa tisa na nusu usiku, nikajifunika blanketi, nikakaa kwenye kigoda mbele ya mita. Bomba la uani lilikuwa wazi, kama tunavyoacha wote ili maji yakija tusikie. Mnamo saa kumi likaanza kupuliza, shiii, upepo mtupu. Nikamulika mita. Kile kigurudumu kidogo kilikuwa kinazunguka kwa kasi ambayo sijapata kuiona hata tukifua mablanketi. Chini ya bomba, sakafu kavu.

Kusimulia hakutoshi, nikajiambia. Nikamtuma mtoto wa dada yangu dukani kununua maputo ya sherehe, ya shilingi mia mia. Siku ya maji iliyofuata nilifunga koki ya kwenda kwenye simtanki, nikavisha puto kwenye mdomo wa bomba na kulikaza kwa mpira wa kufungia nywele, kijana akashika simu arekodi mita na puto kwa pamoja. Saa kumi na dakika kumi lile puto jekundu likaanza kuinuka. Likatuna likawa kama tikiti, kigurudumu kinazunguka, halafu likapasuka. Tukavisha la pili, nalo vilevile. Kisha nikaachia bomba na koki ya tanki. Tulianza na 1,264. Maji ya kwanza yalipotema tope saa kumi na mbili kasoro robo, mita ilisoma 1,270. Uniti sita za upepo kwa asubuhi moja! Bibi wa chumba cha nne akaimba pale pale uani.

Barua niliandika kwa mkono, ukurasa mmoja, nakala mbili, na sikuondoka masijala mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Tafadhali, muhuri huo msiuache. Jibu lililokuja lilirudia habari ya mvujo. Nikarudi Mbeya na kila kitu: barua, jibu, ankara za mwaka mzima, daftari, na video ndani ya simu. Nikajaza fomu, sikudaiwa hata senti ya lalamiko. Mtoa huduma akapewa siku 21 za kujibu. Muda wote huo niliendelea kulipa kiasi cha uniti 14 kila mwezi na kutunza risiti, maana sikutaka mtu aseme nimekimbia deni.

Siku ya usuluhishi, ofisa aliligeuza daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akiweka kidole kwenye kila siku ya maji. Hakusema kitu. Kisha akaomba video. Mhandisi wa upande wa pili aliitazama mara mbili, akavua miwani na kusema kwa upole, "Mama, hii ni hewa. Laini yenu iko juu mlimani, mgao ukifunguliwa hewa yote inasukumwa kwenu." Sikuwa na la kumjibu, nilikuwa nalia.

Tulitia saini makubaliano siku ile ile. Uniti zikakokotolewa upya kwa wastani wa miezi kabla ya mgao, mita ikaenda kupimwa, na valvu ya kutolea hewa ikawekwa pale juu kwenye bomba kuu, kwa hiyo majirani kumi na kitu waliokuwa wakilipa kimya kimya wamepona pia. Mimi mwenyewe nimeweka koki mbele ya mita, naifunga usiku, naifungua nikisikia maji yamefika kwa jirani wa bondeni.

Ankara ya mwezi uliofuata ilikuja uniti 13. Niliilipa siku hiyo hiyo, nikaandika kwenye daftari, ukurasa wa 61.