Kumbukumbu ya mradi wangu: nyota ya ncha 25 na mapambo ya Krismasi ya shilingi 12,000

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Mwaka huu nimeanza mapema. Krismasi iliyopita nilinunua vipira vya plastiki na ule utepe unaometameta, nikatoa karibu shilingi 40,000. Kufika Januari nusu ya vipira vilikuwa vimepasuka na utepe umemwaga manyoya sebule nzima. Safari hii kila kinachotundikwa ndani ya nyumba kitengenezwe na mikono yetu, mimi na wanangu wawili, na nimejiwekea mwisho wa shilingi 12,000.

Tunaishi Tukuyu, mkoani Mbeya. Migomba iko nyuma ya nyumba, mianzi iko kwa jirani, na fundi cherehani wa njia panda anajaza kiroba cha vipande vya vitenge kila wiki. Nimempitia leo. "Shikamoo mama, hivi vipande unavitupa?" Akanijaza mfuko bila kuniuliza bei.

Lakini jambo ninalolitaka hasa ni nyota. Nimekulia katika kanisa la Moravian, na kila Majilio, zile Jumapili nne za kabla ya Krismasi, ilitundikwa pale mbele nyota ya karatasi yenye ncha nyingi, taa ikiwaka ndani yake. Nilikuwa nazihesabu ncha zake mahubiri yakiendelea; nikifika kumi na tatu, kumi na nne, napotea, naanza upya. Nimekuja kujua utu uzimani kwamba ni 25. Ilianzia shuleni: katika miaka ya 1830, kwenye shule ya wavulana ya Wamoravian huko Niesky, Ujerumani, walimu waliitumia kufundishia jometri. Leo wengi wanaiita nyota ya Herrnhut, kwa jina la mji ambao ndio chimbuko la kanisa lililowatuma wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Kama wanafunzi wa wakati ule waliiweza kwa rula na mkasi, binti yangu wa darasa la sita ataiweza, na mimi nitamfuata.

Jumapili ya kwanza ya Majilio ni tarehe 1 Desemba. Nataka iwe inawaka siku hiyo.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo tumefanya nyota ndogo za unga wa chumvi, maana mwanangu mdogo wa miaka minane hakubali kukaa anatazama tu. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, maji kidogo kidogo mpaka donge likandike kama la chapati, ila gumu zaidi. Tumesukuma, tumekata kwa kifuniko na kisu, tumetoboa tundu la uzi kwa mrija wa soda kabla halijakauka. Kisha tumeoka kwenye sufuria yenye mchanga, mkaa kidogo chini na kidogo juu ya mfuniko. Moto ukizidi zinavimba kama mandazi.

Zimetoka 31. Ngumu, nyeupe, ukizigonganisha zinalia kama vigae. Tumezipanga dirishani.

Halafu nikaanza kiini cha nyota kubwa, yaani boksi la katikati ambalo ncha zinabandikwa juu yake. Nilikata miraba kwenye boksi la mafuta ya kula, lile nene lenye mawimbi katikati. Kosa. Unene wa milimita tatu unaonekana si kitu, lakini kila pembe unapokunja unakula kidogo, na ukizunguka miraba minane pengo linakuwa la kidole kizima. Hakikufunga. Nimekiweka kwenye mkaa wa kesho asubuhi.

Jumamosi, 23 Novemba

Hapa niandike polepole, maana ndipo penye kazi, na mtu akitaka kuifuata asirudie niliyopitia.

Kiini kina sura 26: miraba 18 na pembetatu 8, zote zenye upande mmoja, mimi nimetumia sentimita 6. Njia rahisi ya kukielewa ni kukiona kama pipa. Kiunoni kuna mkanda wa miraba minane. Juu ya mkanda huo, kila mraba wa pili umebeba mraba mwingine, na kati yao zinakaa pembetatu. Jumla miraba minne na pembetatu nne. Kisha mraba mmoja wa kufunika. Chini vivyo hivyo. Mraba wa juu kabisa hauwekwi ncha, ndio mlango wa taa. Kwa hiyo ncha za pande nne ni 17 na za pande tatu ni 8. Binti alipoona 17 na 8 zinafanya 25 alikimbia kumwambia baba yake.

Safari hii nimetumia maboksi membamba ya majani ya chai, ambayo huku hayaadimiki, na kuunganisha kwa vipande vya karatasi na gundi ya mbao. Kimefunga vizuri. Ukikishika mkononi kinajaa viganja viwili.

Ncha ni karatasi ya manila. Pateni ya ncha ya pande nne: chora pembetatu nne zimepangana kama feni, kila moja kitako sentimita 6 na urefu sentimita 18, zote zikikutana kileleni. Ongeza ulimi wa gundi wa sentimita moja ubavuni, na ulimi mwingine kwenye kila kitako. Ya pande tatu ni hiyo hiyo, ukipunguza pembetatu moja. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokwisha wino juu ya kila mstari, ukikandamiza kwa rula. Bila hivyo karatasi inajikunja inapotaka yenyewe na ncha inatoka imepinda. Gundi ikishapakwa, bana kwa vibanio vya nguo, hesabu mpaka mia mbili, toa, nenda nyingine.

Kwa vipimo hivi nyota nzima inafika nusu mita kutoka ncha hadi ncha. Nilijaribu manila nyekundu kwa zile nane, nikaziinua mbele ya taa: nyekundu inameza mwanga. Ya njano inapitisha. Zitakuwa nyeupe 17 na njano 8.

Leo tumemaliza ncha 14. Mvua haijakatika tangu mchana.

Jumamosi, 30 Novemba

Mambo mawili yamekataa.

La kwanza, nyota za unga wa chumvi zimetoka jasho. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, na Tukuyu mwezi huu hewa yenyewe ni maji. Zile za dirishani zimelainika mpaka uzi umekata tundu, 19 zimedondoka. Zilizopona ni 12 ambazo mdogo alizitundika jikoni karibu na jiko. Nimezirudisha zote hizo 12 kwenye sufuria ya mchanga kwa moto mdogo, na zikiwa bado za moto nimezipaka vanishi iliyobaki kwenye kopo la fundi seremala, mbele, nyuma na ndani ya tundu. Ndivyo ilivyopaswa kufanywa siku ile ile. Anayeishi Dodoma asihangaike na vanishi, ila wa Tukuyu, Bukoba au pwani asiiache.

La pili limeniuma zaidi. Jana usiku nilibandika ncha tisa kwenye kiini, nikaingiza taa kwa juu, nikazima ya sebuleni. Giza. Taa inawaka ndani ya boksi la majani ya chai na hakuna hata mwanga wa sindano unaotoka. Nilikuwa nimesahau kutoboa madirisha kwenye kila sura ya kiini. Baba watoto alikaa kimya, kisha akasema, "Mama, lete wembe." Tumekesha mpaka saa sita, yeye akiingiza mkono kwa mlango wa juu na kukata kutoka ndani, mimi nimeshika ncha kwa nje zisibanduke. Kila sura tumeacha fremu ya sentimita moja kwa ajili ya gundi. Ncha tatu zimepondeka, tutazikata upya.

Kwa hiyo kesho haitawaka. Nimekubali.

Jumapili, 1 Desemba

Nyota haipo lakini shada la Majilio lipo, na nimeridhika nalo kuliko nilivyotegemea. Nimechuna magamba makavu ya mgomba, yale ya nje yanayojiachia yenyewe, nikayafuta vumbi kwa kitambaa kibichi na kuyaanika juu ya dari ya jiko siku mbili. Yakikauka yana rangi ya asali upande mmoja na kahawia upande wa pili. Nimeyachana kwa sindano, nikasuka nyuzi tatu kama nywele za binti, nikazungusha kwenye duara la mwanzi. Katikati ya suko nimechomeka vipande vya kitenge, vyekundu tu.

Mishumaa minne nimeisimamisha ndani ya vikopo vya nyanya vilivyojazwa mchanga. Magamba ya mgomba yanashika moto haraka sana, kwa hiyo kikopo kiwe kirefu na mshumaa usiachwe peke yake chumbani.

Shada hili nalo lina asili ninayoipenda. Johann Hinrich Wichern, mchungaji aliyelea watoto maskini huko Hamburg, ndiye aliyeweka la kwanza mwaka 1839, maana watoto walikuwa wanamsumbua kila siku wakiuliza Krismasi lini. Alitumia gurudumu la mkokoteni. Juu yake mishumaa mikubwa minne ya Jumapili, na midogo ya siku za katikati. Gurudumu bovu na mishumaa! Nikisikia watu wanasema Krismasi bila fedha haipambiki, nalikumbuka gurudumu lile.

Tumewasha mshumaa wa kwanza leo jioni.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, wote tuko nyumbani. Nyota imekamilika jana saa kumi jioni, Jumapili ya pili ya Majilio.

Ncha za mwisho ndizo ngumu, kwa sababu zilizokwisha kubandikwa zinazuia vidole. Bandika kuanzia chini kwenda juu, ile ya chini kabisa ikiwa ya kwanza, na uiweke nyota juu ya ndoo ili ncha zining'inie ndani bila kugusa kitu. Mimi nilianzia kiunoni, nikajuta. Taa ni ya LED ya wati 3, haipati joto la kuunguza karatasi. Mshumaa au ile taa ya zamani ya waya ndani ya kitu kama hiki ni kutafuta balaa.

Tumeitundika pembeni mwa dirisha la barabarani. Mwanga wake si mkali. Ule mweupe unaanza na nguvu shinani mwa ncha na kufifia kuelekea kileleni, na ule wa njano unatulia katikati yake. Mdogo alilala chini chali akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipotea kwenye kumi na sita.

Jumamosi, 21 Desemba

Mengine yamekwenda haraka. Mti wetu ni fito tisa za mwanzi, ya chini sentimita 95, kila moja ikipungua sentimita 10 kwenda juu, zimefungwa kwa uzi na kutundikwa ukutani. Haukuli nafasi na hakuna mti uliokatwa. Juu yake zimekaa zile nyota 12 za chumvi, kavu kabisa mpaka leo, na mnyororo wa vipande vya vitenge ambao binti ameushona peke yake kwa jioni tatu.

Hesabu: manila karatasi sita 3,000, gundi ya mbao 2,500, taa 2,000, mishumaa 2,000, unga 1,000, uzi 1,000, chumvi 500. Jumla 12,000 kamili. Waya na soketi ya taa vilikuwepo ndani, vanishi nilipewa.

Alhamisi, 26 Desemba

Jana mama alikuja kula sikukuu kutoka Rungwe. Alipoingia hakuketi. Alisimama chini ya nyota, akaizunguka, akagusa ncha moja kwa kidole. "Hii umenunua wapi, mwanangu?" Nikamwambia tumeitengeneza. Akanyamaza kidogo. "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. "Na mimi nataka ya kwenye baraza."

Yetu itakaa mpaka 6 Januari, sikukuu ya mamajusi, kisha itaingia kwenye boksi lake juu ya kabati, mbali na upande unaovuja. Ya mama nitaifanya kubwa, kitako sentimita 8 na ncha sentimita 24, kwa kuwa baraza lake ni refu. Kwa sababu itakaa nje, kila ncha nitaipaka mafuta ya mshumaa yaliyoyeyushwa ili unyevu usiiingie; nimejaribu kwenye kipande na mwanga unapita vizuri zaidi kuliko kwenye karatasi kavu. Madirisha ya kiini nimeshayatoboa yote. Ncha nimekata 11, zimebaki 14.