Kupima mvua ya masika uani kwako

Mvua ya Pemba haigawanyiki sawa: Wete inaweza kurowa chapachapa na Mkoani ikabaki kavu. Ndiyo maana kipimo cha uani kina thamani kubwa, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila mita 1 ya mraba. Tafuta faneli yenye mdomo wa sentimita 10, iingize kwenye chupa, ziba pembeni. Mdomo huo una eneo la sentimita za mraba 78.5, kwa hiyo kila mililita 7.85 ni milimita 1. Vuta maji kwa bomba la sindano la mililita 10, jumlisha, gawa kwa 7.85. Mililita 157 ni milimita 20. Rula usiitumie; kitako cha chupa kina mabonde, kitakudanganya.

Soma kila siku saa 3 asubuhi, kisha mwaga yote.

Makosa mengi hutokana na mahali. Chini ya mkarafuu matone huendelea kudondoka mvua ikishakatika, na majani huziba faneli. Mti wa mita 4 uwe mbali mita 8 angalau. Mdomo usiinamie upande, na uwe sentimita 30 juu ya ardhi, la sivyo maji yanayoruka kutoka kwenye udongo yataingia. Kusi ikivuma kwa nguvu, mvua huja mshazari na kipimo hukamata pungufu. Andika “upepo” pembeni ya namba. Yakiwa manyunyu yasiyopimika, andika “kidogo”, si sifuri.