Siku Tuliyongojwa Kampala

Juzi, tulipokuwa tukipanga karatasi za kuombea kitambulisho cha binti yetu, alishika ile amri ya mahakama ya Uganda iliyotupa ulezi wake na wa mdogo wake, akaisoma polepole, kisha akaniuliza: "Mama, siku ile mlisema mnakuja. Mbona hamkuja?" Nilimjibu kwamba uwanja wa ndege wa Nairobi uliungua. Jibu hilo ni la kweli, lakini halikuniridhisha mimi, sembuse yeye.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 7 Agosti 2013, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Tulikuwa tuondoke Mombasa asubuhi, tubadilishe ndege Nairobi na tufike Entebbe mchana, kwa kuwa kesho yake maombi yetu yalikuwa yasikilizwe katika Mahakama Kuu ya Kampala. Wapo walioniuliza kwa nini mtu aende mahakamani kwa ajili ya watoto wa dada yake mwenyewe. Kwa mila zetu nilikuwa mama yao tangu siku ya mazishi ya dada, ila walizaliwa Uganda, baba yao Mganda alikuwa ametangulia, na mila haigongi muhuri mpakani. Sheria ya Uganda ya wakati huo ilimtaka mgeni amlee mtoto kwa miaka mitatu kabla ya kumwasili, kwa hiyo wengi waliomba kwanza amri ya ulezi, wakaja kukamilisha shauri la kuasili kwao. Njia hiyo ilifungwa kwa wageni sheria iliporekebishwa mwaka 2016, na kila nikilikumbuka jambo hilo moyo hunidunda.

Tulifika uwanjani tukakuta watu wamesimama makundi makundi. Moto ulikuwa umeanza kabla ya mapambazuko katika jengo la wasafiri wanaowasili Nairobi kutoka nje, na kwa kuwa ilikuwa tarehe ileile ambayo ubalozi wa Marekani ulilipuliwa mwaka 1998, minong'ono ilielekea huko kwanza. Muda si muda ndege kubwa zilizozuiwa kutua Nairobi zikaanza kushuka kwetu, ukumbi ukajaa wageni waliochoka, na kila tulipouliza tuliambiwa tungoje.

Hapo ndipo simu ilipolia. Shangazi yao upande wa baba, aliyekuwa akikaa nao, alisema mkubwa ananitaka. Alikuwa na umri wa miaka saba.

"Mamdogo, mwafika saa ngapi?"

Alisema vile vile alivyokuwa akisema marehemu mama yake, kwa sauti ya watu wa Kisauni, Mombasa, kabisa, nami ilinibidi nimeze mate kabla ya kujibu. Nilimweleza kwamba huko ndege zinakopitia kumetokea moto, kwamba hakuna aliyekufa, na kwamba leo hatutaweza kufika. Alinyamaza. Nilisikia pikipiki ikipita nyuma yake, na jogoo, na mdogo wake akiuliza kitu kwa Kiganda bila kujibiwa. Kisha akasema:

"Basi nivue viatu?"

Shangazi alikuja kunieleza baadaye kwamba alikuwa amevaa viatu vyeusi vya shule tangu alfajiri, akaketi barazani, akakataa chai asije akachafua gauni. Kwapani nilikuwa na faili: cheti cha ndoa, vyeti vya tabia njema kutoka polisi, ripoti ya afisa wa ustawi wa jamii, barua ya mchungaji. Kila karatasi ilijibu swali la mtu mzima. Mtoto huyu alikuwa ameshaambiwa kuhusu baba yake kwamba atarudi, na kuhusu mama yake vivyo hivyo, na sasa mtu wa tatu alikuwa akimwambia kwamba atakuja. Nilimwambia avue, anywe chai, na kwamba tuko njiani. Baba watoto, mume wangu, alinitazama, kwa maana tulikuwa bado tumesimama Mombasa, kisha akaondoka bila neno kwenda Mwembe Tayari kutafuta basi.

Mabasi yalijaa watu wanaokwenda Idi, lakini alipata viti viwili vya nyuma. Msongamano wa malori Mariakani, Nairobi asubuhi, basi jingine, foleni ya trela mpakani Malaba. Tulipoingia Kampala kesi ilikuwa imeahirishwa, na karani akatupangia tarehe nyingine. Amri tuliipata hatimaye. Mdogo alinirukia shingoni siku ya kwanza. Dada yake alitusalimia kwa adabu, shikamoo kwa kila mmoja, akarudi kukaa mbali. Hata tulipokwisha kumleta Mombasa, baba watoto akicheleweshwa na feri ya Likoni jioni, alikuwa akienda kuvaa viatu na kukaa mlangoni. Sijui kama Jumatano ile ndiyo iliyompa tabia hiyo au alikuwa nayo tangu zamani.

Juzi nilimsimulia yote haya. Viatu havikumbuki, wala simu; anachokumbuka ni kwamba hatukuja. Lakini habari ya basi ilikuwa ngeni kwake kabisa, kwani miaka yote alidhani tulirudi nyumbani kungojea ndege. Safari za ndege za kwenda nje zilianza kurejea kesho yake, na baba watoto hushikilia kwamba kwa kungoja huenda tungefika mapema zaidi. Pengine ni kweli. Mimi nisingeweza kukaa nyumbani usiku ule. Nilimwambia hivyo, naye akataka kujua tulipita miji gani, tulikula nini, na kama nililala.

Sikulala.