Kumsubiri furukombe Hori ya Tudor: kumbukumbu ya msimu wa kaskazi

Mradi huu niliuanza mwezi wa Novemba kwa lengo moja, nalo ni kumpiga picha furukombe anapoinuka kutoka majini na samaki makuchani. Ninamkusudia yule mwenye utepe mweusi unaopita jichoni, anayehama Ulaya na Asia ya kaskazini kabla maziwa ya huko hayajaganda, wala si tai mwenye kichwa cheupe chote ambaye wapo wanaomwita kwa jina hilo hilo. Kwetu Mombasa msimu wake hautambuliwi kwa baridi bali kwa upepo wa kaskazi.

Wiki sita za mwanzo sikupata kitu. Nilikuwa nikienda ukingoni mwa mikoko upande wa Mishomoroni, na kwa kupenda mandhari nilichagua asubuhi ambazo hori imejaa na tope halionekani. Ndege nilimwona, ila juu sana, akizunguka na kuondoka. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu alinitazama siku mbili tatu, kisha akaniambia, "Mwanangu, waja siku za maji mafu wataka kuona nini? Njoo bamvu." Nilimshukuru, nikarudi nyumbani kutazama jedwali la maji, nikajionea aibu.

Maelezo yake ni haya. Siku za bamvu, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hujaa karibu na alfajiri, kwa hiyo jua linapochomoza tayari yanapwa, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Mikizi walioingia mizizini kutafuta chakula hulazimika kutoka kwa mkondo mmoja mwembamba, tena karibu na uso wa maji. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi ndipo maji yanapopanda, taratibu, na samaki hutawanyika ndani ya mikoko asikoweza kuwafikia ndege anayejitupa kutoka juu.

Bamvu ya kwanza ya Desemba alijitupa mara tatu mbele yangu, umbali wa mita arobaini hivi, nami nikaziharibu zote tatu. Lenzi ilikuwa imelala katika chumba chenye kiyoyozi, ikafunikwa na ukungu mara tu nilipoifungua nje, na ulipokauka nikagundua kwamba kasi ya shata ya 1/800 ya sekunde haitoshi kwa mabawa yake. Sasa mfuko wa kamera hulala barazani, kasi ni 1/2500, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) naiacha ipande hadi 1600 bila kujali chembechembe. Ikifika saa tatu nafunga vifaa, kwa kuwa mazigazi juu ya tope huharibu kila picha hata lenzi iwe ya bei gani.

Kunguru, ambao sijawahi kuwapenda, wamekuwa wasaidizi wangu: wakianza kumzonga na kupiga kelele najua anakuja kabla sijamwona.

Picha niliyoitaka niliipata Januari, bamvu ya pili. Alisimama hewani akipiga mabawa, akashuka miguu mbele, akazama hadi mabegani, na alipoinuka akajikung'uta maji kama mbwa, kisha akamgeuza mkizi kichwa kielekee mbele, kama wafanyavyo furukombe wote ili upepo usimzuie. Kati ya picha kumi na nane, mbili ndizo zilizo kali jichoni.

Nilipozikuza niliona jambo ambalo sikulitarajia. Jicho lake ni la rangi ya chungwa, si la manjano, na manyoya ya mgongoni yana kingo hafifu za rangi ya maziwa, dalili za ndege aliyezaliwa mwaka jana. Wakubwa watarejea kaskazini kuanzia Machi, lakini wachanga kwa kawaida hubaki huku msimu wao wa kwanza. Kwa hiyo jedwali la maji nimelinakili hadi Julai, nami nimeanza kushona kifuniko cha turubai cha kuikinga kamera na mvua ya masika.