Robert Randolph na gitaa la stili linalowainua vijana vitini

Gitaa la stili ni ala inayopigwa mtu akiwa ameketi. Hulazwa juu ya mapaja au juu ya miguu yake yenyewe kama meza, nyuzi zikitazama juu, na mpigaji huinamisha kichwa kufuatisha kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi hizo. Lile la pedali lina madai makubwa zaidi: mkono wa kushoto hushika chuma, vidole vya mkono wa kulia huvaa kucha za kudonolea, mguu mmoja hukanyaga pedali zinazobadilisha sauti za nyuzi, mguu wa pili huongoza ukubwa wa sauti, na magoti yote mawili husukuma nyenzo zinazoning'inia chini ya ala. Mtu mwenye shughuli zote hizo kwa wakati mmoja habakiwi na kiungo cha kuchezea, na kwa miaka mingi wasikilizaji wamelichukua jambo hilo kuwa la kawaida. Mpigaji hukaa pembeni mwa jukwaa, nyuma ya mwimbaji, akitia simanzi kati ya ubeti mmoja na mwingine.

Robert Randolph, aliyezaliwa mwaka 1977 na kukulia katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, amekataa kukaa pembeni. Ala yake ya nyuzi 13 huwekwa mbele ya bendi, naye huipiga huku akiyumba na kurukaruka kitini, mara nyingine akakisukuma kiti nyuma na kusimama wima, mara nyingine akaiacha ala kabisa ili acheze, kisha akairudia kabla mdundo haujapoa. Huwaita watazamaji wapande jukwaani wacheze pamoja naye, na wanaopanda kwa wingi ni vijana. Ni rahisi kuelewa kwa nini kijana asiyewahi kulisikia jina la ala hiyo huondoka akiuliza ni kitu gani kile chenye umbo la meza kinachoweza kulia, kucheka na kupiga mayowe kama binadamu.

Wengi wanaomsifu husema kwamba ameitia nguvu mpya ala iliyokuwa imezeeka. Nia ya sifa hiyo ni njema, lakini naona inampunja yeye na inawapunja zaidi waliomtangulia. Nguvu ile hakuitunga ili kuwafurahisha vijana wa kwenye kumbi za muziki. Aliikuta kanisani, imekwisha kukomaa, ikiwa na wazee wake na watoto wake, miongo mingi kabla yeye hajazaliwa.

Historia ya ala yenyewe inaanzia Hawaii, ambako kijana aitwaye Joseph Kekuku, akiwa bado mwanafunzi mwishoni mwa karne ya 19, alianza kupiga gitaa kwa kuteleza chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Nalitaja hili kwa sababu husahaulika mno: ala ambayo leo inahesabiwa kuwa ya wazee ilibuniwa na kijana. Kekuku aliondoka Hawaii mwaka 1904 kwenda kupiga muziki katika bara la Marekani, na baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 muziki wa visiwa vile ulienea nchi nzima. Mwaka 1932 kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker ilianza kuuza gitaa la umeme, na gitaa hilo, mojawapo ya magitaa ya kwanza ya umeme kuingia sokoni, lilikuwa la kulazwa mapajani. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, mjini Philadelphia, Mmarekani Mweusi aitwaye Troman Eason alijifunza ala hii kwa mwanamuziki wa Kihawaii na kuipeleka katika ibada za kanisa lake. Mdogo wake, Willie Eason, ndiye aliyeibadilisha kabisa. Hakutaka ilie kama mawimbi ya Hawaii. Alitaka iimbe kama waimbaji wa kanisani, kwa sauti inayopanda, kukatika na kutetemeka, hata watu wakaliita gitaa lake gitaa linalosema.

Kanisa lenyewe lilianzishwa mwaka 1903 na mwanamke, Mary Magdalena Lewis Tate, na baadaye likagawanyika katika matawi, mojawapo likiwa House of God, ambalo makao yake yako Nashville. Humo gitaa la stili lilichukua nafasi ambayo katika makanisa mengine hushikwa na kinanda. Mpigaji humfuata mhubiri sentensi kwa sentensi, humjibu, humsukuma, na waumini wanapoanza kucheza kwa furaha ya roho, yeye hushikilia kordi moja, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, kwa dakika nyingi, akipanda kutoka milio mizito ya chini hadi ile ya juu kabisa, bila kujua mapema ataishia wapi. Wakati wa sadaka waumini hutembea kwa maandamano, na ni yeye anayewatembeza. Kazi hiyo haifanyiki kwa macho yaliyobandikwa kwenye nyuzi. Lazima atazame ni nani ameinuka, ni nani anachoka, ni nani anakaribia kulia, kisha aamue kama aongeze mwendo au autulize.

Hapo ndipo palipo na siri ya Randolph, kama ni siri. Tangu miaka ya 1950, hasa baada ya Bud Isaacs kusikika mwaka 1954 akikunja sauti za nyuzi kwa pedali katika wimbo wa mwimbaji Webb Pierce, wapigaji wa kantri, muziki wenye asili ya mashambani mwa Marekani, waliijenga ala hii kuwa kazi ya studio yenye unadhifu wa ajabu, na mimi nawaheshimu sana kwa unadhifu huo. Upande wa kanisani mafunzo yalikuwa mengine. Randolph, ambaye wazazi wake walikuwa watumishi katika kanisa hilo, alianza kujifunza akiwa kijana kwa kuwatazama watu kama Ted Beard, Calvin Cooke na Chuck Campbell, na alichojifunza kwao hakikuwa namna ya kushika chuma peke yake, bali pia namna ya kuusoma umati. Wavulana walikaa karibu na ala wakingojea zamu yao, kwa hiyo katika nyumba zile za ibada suala la kuwavuta vijana halikuhitaji kubuniwa mkakati. Vijana walikuwapo tayari, na ala ilikuwa ikiwachezesha kila juma.

Alipopewa kanda ya mpiga gitaa Stevie Ray Vaughan alisikia mambo ambayo gitaa la umeme linaweza kuyafanya katika bluzi, akaanza kuyatafuta kwenye nyuzi zake. Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Mwaka 2000 alipiga mjini New York akiwafungulia jukwaa bendi ya North Mississippi Allstars, mwaka uliofuata ikatoka albamu aliyoipiga pamoja nao na mpiga kinanda John Medeski, na bendi yake mwenyewe, aliyoiunda na jamaa zake, ikarekodi onyesho katika ukumbi wa Wetlands ambalo lilitolewa mwaka 2002. Mpiga gitaa mashuhuri Eric Clapton alimchukua katika ziara zake, na jarida la Rolling Stone likamweka mwaka 2003 katika orodha yake ya wapiga gitaa 100 bora. Mwaka 2024 Beyoncé alipotoa wimbo wake 16 Carriages, stili inayosikika humo ni ya Randolph, na kwa njia hiyo mlio wa kanisa dogo la New Jersey uliwafikia mamilioni ya wasikilizaji ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipoanza kupiga.

Si kila mtu kanisani alifurahia safari hiyo. Walikuwapo waliosikitika kuona muziki wa ibada ukipelekwa kwenye kumbi zinazouza pombe, na sidhani ni haki kuwacheka, kwani mtu anayeamini kwamba mlio fulani ni sala ana sababu ya kuuliza unapelekwa wapi. Ninachoweza kusema ni kwamba, nikimsikiliza Randolph katika rekodi zile za mwanzo, sisikii sala iliyogeuzwa mzaha. Nasikia mtu anayewatendea wageni ukumbini kama anavyowatendea waumini, yaani anasubiri wainuke.

Lawama nyingine hutoka kwa wapenzi wa stili ya kantri, wanaosema kwamba msisimko wake unafunika udhaifu wa ufundi. Hili silikubali. Shingo ya ala hii haina vizuizi vya kubainisha sauti, ila mistari iliyochorwa tu, na chuma kikikosea kidogo sana mlio unatoka nje ya ufunguo na kila mwenye masikio anajua. Kuipiga polepole bila kukosea ni kazi. Kuipiga kwa kasi ile, huku kiti kikisogea na ngoma zikimhimiza, kisha kutua juu kabisa ya nyuzi, mahali ambapo nafasi kati ya sauti na sauti ni finyu mno, ni kazi kubwa zaidi. Anayetaka ushahidi amsikilize katika vipande vya taratibu, ambapo hana pa kujificha.

Naongeza pia kwamba wazo la stili kuwa ala ya huzuni tu halina msingi hata nje ya Marekani. Katika miaka ya 1980 bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria ilikuwa na mpiga stili wa pedali, Demola Adepoju, aliyeitumia katikati ya ngoma za juju, muziki wa dansi wa Wayoruba, na watu walicheza.

Randolph hayuko peke yake. Roosevelt Collier, aliyepitia bendi ya familia ya The Lee Boys ya Florida, anaichanganya na fanki na roki. AJ Ghent, mwana wa Aubrey Ghent na mjukuu wa Henry Nelson, wote wapigaji mashuhuri wa kanisa lile, hupiga stili akiwa amesimama, na kwa kufanya hivyo anamaliza suala zima la kiti. DaShawn Hickman wa North Carolina alitoa mwaka 2022 albamu inayorudi kwenye ngoma na stili. Ninapowaweka pamoja naona jambo linalonifurahisha kuliko umaarufu wa mtu mmoja: kila mmoja wao alifundishwa nyumbani au kanisani, na sasa vijana wasiokuwa na kanisa hilo wanajifunza kwa kuwatazama kwenye video.

Kwa msomaji kijana aliyevutiwa, ningependekeza aanze na rekodi ya Wetlands, kisha aende kwenye mkusanyiko wa Sacred Steel, yaani stili takatifu, uliotolewa na kampuni ya rekodi ya Arhoolie mwaka 1997, ambamo wazee wanasikika katika mazingira yao. Stili ya pedali ni ala nzito, yenye vyuma vingi, na si busara kuianzia. Gitaa la kawaida linatosha: inua nyuzi kwa kipande cha kuziweka juu zaidi pale shingo inapoanza, zirekebishe sauti nyuzi zote zitoe kordi moja zikiachwa wazi, lilaze mapajani, utafute kipande cha chuma chenye uso laini kinachojaa kiganjani, na uanze na wimbo unaoujua kuimba, kwa sababu Willie Eason naye alianza kwa kuifuata sauti ya mwimbaji.